Mwandishi Mwadilifu na Sadaka ya Mwisho wa Mwaka

Hotuba iliyosomwa mbele ya Jumuiya ya Waislamu wa Puta

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni Zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ali zake, na sahaba zake. Amma baad.



Nimetakiwa niseme machache juu ya mchango wa mwisho wa mwaka. Jambo hili twalijua sote. Hesabu za Jumuiya hufungwa, sanduku hufunguliwa, na watu huuliza fedha ziende wapi. Fungu la kwanza ni la mayatima na wajane, la pili la madrasa, la tatu la msikiti. Hayo siyagusi, na wala hapana mtu apasaye kuyagusa. Nataka kusema juu ya kile kidogo kinachobakia, ambacho aghalabu hupotea katika mambo madogo madogo yasiyokumbukwa mwaka wa pili. Rai yangu ni kwamba kidogo hicho tukipe kazi: kiwasaidie watu ambao shughuli yao ni kuchungua mambo ya nchi, kuhesabu, na kuandika waliyoyaona, bila ya kuwa upande wa chama chochote cha siasa.

Najua ya kuwa maneno haya yatawashangaza baadhi yenu. Mtasema: Sheikh, twatoa sadaka kwa mwenye njaa, vipi leo watuambia tumpe mwenye kalamu? Basi nipeni masikio yenu, nami nitaanza na lile linalotugusa sisi wenyewe, yaani ziwa.

Kila mwaka, tarehe 1 Desemba, ziwa letu hufungwa, wala halifunguliwi mpaka Februari ishe. Nyavu hukunjwa, mitumbwi hupandishwa mchangani, na mvuvi hukaa nyumbani akitazama maji. Sheria hii ina hoja yake. Wazee wetu wametuhadithia habari za mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto Luapula kwa makundi makubwa wakati wa mvua kwenda kutaga. Katika miaka ya 1940 na 1950 akavuliwa njiani mwake kabla ya kutaga, akapungua mno, na uvuvi wake ukafa. Mwenye kusema samaki apewe nafasi ya kuzaa hasemi upuuzi.

Lakini mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichapisha uchunguzi juu ya maziwa ya kusini mwa Afrika, na Mweru ni mojawapo, ukionyesha kwamba kupanda na kushuka kwa maji kuna athari kubwa katika wingi wa samaki, tena mara nyingine kuliko idadi ya wavuvi. Basi hapa pana maswali mawili. Je, miezi hii mitatu huturudishia samaki kiasi gani? Na je, nyumba ya mvuvi hula nini katika miezi hiyo? Sisi twajibu kwa njaa yetu. Ofisi hujibu kwa sheria yake. Mtu wa kujibu kwa hesabu, asiyekuwa mvuvi wala askari wa uvuvi, ni lazima awe mtu wa tatu. Na mtu huyo wa tatu ndiye ninayemsemea leo.

Ndugu zangu, dini yetu yamjua mtu huyu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni aya ya 282 ya Suratul-Baqara, haisemi juu ya vita wala juu ya ufalme. Yasema juu ya kuandika deni. Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba kati ya mwenye kudai na mwenye kudaiwa awepo mwandishi, naye aandike kwa uadilifu, asikatae kuandika. Tena mwishoni akakataza mwandishi na shahidi wasipatishwe dhara. Zingatieni hekima yake. Mwandishi hakuamrishwa awe rafiki wa tajiri wala mtetezi wa maskini. Ameamrishwa aandike yaliyo kweli. Na sisi tumeamrishwa tusimdhuru. Basi kumwacha mwandishi afe njaa mpaka alazimike kuandika anavyotaka mwenye kumlisha, hilo nalo kwa rai yangu ni dhara.

Hesabu nayo si jambo geni katika Uislamu. Imam Bukhari amepokea hadithi ya Hudhayfa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamuru waandikwe watu waliosilimu, wakapatikana wanaume 1,500. Nabii Yusuf, amani imshukie, alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya ghala za nchi, kwa kuwa yeye ni mhifadhi tena mjuzi. Misri haikuokoka katika miaka saba ya njaa kwa dua peke yake. Iliokoka kwa dua na hesabu pamoja.

Lakini tusijidanganye kwamba kila daftari ni ya haki kwa kuwa imeandikwa. Sisi wa pwani hii twapaswa kulijua hilo kuliko wengine. Lugha ninayosema nanyi, na dini yetu katika nchi hizi, zilifika na misafara ya biashara katika karne ya kumi na tisa. Mwaka 1867 Tippu Tip alipigana na Nsama, mkuu wa Watabwa, jirani zetu wa upande wa mashariki, akamshinda na kuchukua pembe zake. Wafanyabiashara wale walijua kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini katika hesabu zao, pamoja na pembe na nguo, waliandikwa pia binadamu, wana wa Adamu, kama mali. Kalamu ilikuwako, uadilifu haukuwako. Kwa sababu gani? Kwa sababu mwenye kalamu, mwenye bunduki na mwenye faida alikuwa mtu mmoja.

Sasa niwape mfano wa pili, wa zama za Waingereza. Mwaka 1937 ilianzishwa katika nchi hii taasisi ya uchunguzi iliyoitwa Rhodes-Livingstone Institute. Wataalamu wake walifanya kazi kubwa. Mmoja wao, Ian Cunnison, alikaa na watu wa bonde la Luapula, na mwaka 1959 kikatoka kitabu chake juu yao. Fedha za taasisi zilitoka kwa Serikali ya kikoloni na kwa makampuni ya migodi. Mkuu wake wa kwanza, Godfrey Wilson, alikwenda Broken Hill, mji ambao leo waitwa Kabwe, kuchungua maisha ya wafanyakazi: wapata mshahara gani, wala nini, wavaa nini. Wenye migodi hawakupendezwa na jinsi alivyochanganyika na Waafrika, wakamzuia asiingie makambini mwao, na mwaka 1941 akaacha kazi. Hapana aliyemwambia kwamba hesabu yake ni ya uwongo. Mlango ulifungwa tu. Aliyekuwa akisaidia kulipia karatasi na wino ndiye aliyekuwa na ufunguo wa mlango.

Na huu hapa mfano wa karibu zaidi, wa jirani zetu wa Tanzania. Shirika la Twaweza lilikuwa likiwauliza wananchi maoni yao kwa simu, kisha likiyatangaza. Mwaka 2016 lilitangaza kwamba watu 96 katika kila 100 wameridhika na kazi ya Rais wao. Mwezi wa Julai 2018 likatangaza kwamba idadi imeshuka hata 55. Baada ya hapo Tume ya Sayansi na Teknolojia ya nchi hiyo ikaliandikia barua kulitaka lijieleze kwa habari ya kibali cha uchunguzi wake, na mkuu wake akanyang'anywa pasi ya kusafiria. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Bunge likabadili sheria ya takwimu, ikawa ni kosa kutangaza hesabu zenye kupingana na za Serikali. Na mwezi wa Juni 2019 sheria hiyo ikalegezwa. Simtaji mtu kwa kumlaumu. Nataka mwone tu kwamba watawala, kama watu wote, humpenda mwenye kuhesabu hesabu inapowapendeza. Ikiwageuka, huuliza kibali.

Basi hapa kwetu Zambia wako nani wenye kazi hii? Wako kadhaa, lakini nitamtaja mmoja ambaye kazi yake inaonekana hata na mama aendaye sokoni. Mwaka 1988 mapadri wa Kijesuti walianzisha Lusaka kituo kiitwacho Jesuit Centre for Theological Reflection. Toka mwaka 1991 kituo hicho huchapisha kila mwezi hesabu ya kapu la mahitaji: unga, samaki, mafuta, mboga, mkaa, sabuni, kodi ya nyumba, mpaka ijulikane nyumba moja yahitaji fedha ngapi ili iishi maisha ya binadamu. Katika mwaka 2024 kapu la watu watano wa Lusaka lilipita kwacha 10,000 kwa mwezi. Mfanyakazi anayedai mshahara wake huishika hesabu hiyo mkononi. Mwajiri hawezi kumwambia kwamba anaota.

Kituo hicho hicho kilikuwa mbele katika kudai nchi yetu isamehewe madeni. Msamaha ukaja: mwaka 2005 na 2006 deni la nje la Zambia lilishuka toka kiasi cha dola bilioni 7 hata chini ya bilioni 1. Kisha tukakopa tena. Mwaka 2012, 2014 na 2015 Serikali ilichukua kwa hati za dhamana dola bilioni 3, na mwezi wa Novemba 2020 tukashindwa kulipa. Mwaka 2022 ikatungwa sheria inayotaka mikopo ya Serikali iidhinishwe na Bunge, jambo ambalo wachunguzi wa namna hii walilidai kwa muda mrefu. Deni hilo lilikopwa chini ya chama kimoja, na sheria ikatungwa chini ya chama kingine. Mwandishi wa haki huandika juu ya wote wawili kwa wino ule ule.

Tena kazi inazidi. Mfuko wa Maendeleo wa Majimbo, uliokuwa kwacha milioni 1.6 kwa kila jimbo, ulipandishwa mwaka 2022 hata milioni 25.7, na mwaka 2024 ukafika milioni 30.6. Fedha hizo huja mpaka huku kwetu. Ni madawati mangapi yaliyotengenezwa? Ni visima vingapi vyenye maji, si vyenye kibao tu? Fedha zilipokuwa kidogo, hesabu yake ilikuwa ndogo. Zimekuwa nyingi, na sharti mwenye kuzihesabu awe na nguvu zaidi.

Na sasa ndugu zangu, nani amlishe mtu huyu? Mpaka jana vituo vingi vya namna hii katika Afrika vililishwa na wafadhili wa ng'ambo. Mwaka 2025 Serikali ya Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na wengi waliotegemea mkono ule wakabaki mikono mitupu. Hatuwezi kuwalaumu, mali ni yao. Lakini funzo ni letu. Mwandishi akilishwa na Serikali, ataiogopa Serikali. Akilishwa na tajiri, atamwogopa tajiri. Akilishwa na mgeni, atasimama siku mgeni atakapoondoka. Hapana wa kumlisha bila ya kumfunga ulimi ila watu wengi, kila mmoja kwa kidogo, hata asiwepo mmoja awezaye kumwambia: mimi ndimi niliyekuajiri. Chisense mmoja hajazi sufuria. Lakini chisense wa ziwa hili hujaza malori yaendayo Copperbelt.

Nawasikia wenye kupinga, nami nitawajibu kwa adabu.

Wa kwanza asema: hao ni mapadri, na sisi ni Waislamu. Namjibu: Mtume wetu alipohama kutoka Makka, aliyemwonyesha njia alikuwa Abdullah bin Urayqit, mtu asiyekuwa Mwislamu, kwa kuwa alikuwa mjuzi wa njia tena mwaminifu. Na kabla ya kupewa utume alihudhuria mapatano ya Fudhul, nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, ambapo Makuraishi walikula kiapo kumsaidia kila aliyedhulumiwa. Na baadaye, katika Uislamu, alisema kwamba lau angeitwa tena kwa mfano wake angeitikia. Fedha zetu hazijengi kanisa. Bei ya unga ni moja kwa Mwislamu na kwa Mkristo. Na moyo wa mtu ukiwa haujatulia, wapo wachunguzi wengine wasio wa dini yoyote, wapewe hao.

Wa pili asema: hii ni siasa, na Jumuiya haiingii katika siasa. Namjibu: siasa tuliyoikataa ni ile ya kugombania viti. Kujua bei, deni na fedha za umma zilikwenda wapi ni amana. Ndiyo maana nimesema wasiwe upande wa chama. Siku nitakapowaona wamevaa rangi za chama, chochote kile, nitasimama hapa hapa niwaambie msiwape hata ngwee.

Wa tatu asema: Sheikh, ni Desemba, ziwa limefungwa, hatuna kitu. Huyu ndiye mwenye hoja nzito, nami sitamjibu kwa maneno matupu. Kwanza, Zaka isiguswe. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika aya ya 60 ya Suratut-Tawba, na mchunguzi wa Lusaka si mmoja wao. Nisemayo ni sadaka ya hiari, kwa mwenye nayo, baada ya watu wa nyumbani mwake kushiba. Pili, asiyekuwa na fedha anaweza kutoa kitu ambacho Lusaka hawana, nacho ni habari ya kweli. Kapu lile hupimwa zaidi mijini. Toka hapa hata Lusaka ni zaidi ya kilomita 1,000. Nani aijuaye bei ya fungu la chisense hapa Puta kabla ziwa halijafungwa na baada ya kufunguliwa? Nani ajuaye ni watoto wangapi walioacha kwenda shule katika miezi hii, au ni nyavu ngapi zilizouzwa kwa kununua unga? Sisi ndio tujuao, lakini hatukuandika. Na lisiloandikwa, mezani kwa wakubwa ni kama halikutokea.

Kwa hivyo naweka mbele yenu mambo matatu, Mwenyekiti na wajumbe wayapime.

Jambo la kwanza: katika kila kwacha kumi za kile kinachobakia mwisho wa mwaka, baada ya mayatima, madrasa na msikiti, kwacha moja ipelekwe kwa wachunguzi wasioegemea chama. Iandikwe katika daftari ya Jumuiya, na stakabadhi yake isomwe mbele ya watu wote.

Jambo la pili: tusitoe bila ya masharti. Wapokeaji wawe wenye kutangaza hesabu zao wenyewe, fedha zimetoka wapi na zimetumika vipi. Waeleze njia waliyoifuata katika kuchungua, ili mwenye shaka aweze kuifuata na kuona. Wasifiche hesabu kwa ajili ya kumpendeza mtu, nasi tukiwa miongoni. Wakituambia kwamba sisi wavuvi tumekosea kwa kutumia nyavu za matundu madogo, tusikilize. Hatununui maneno ya kutusifu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kusimama na uadilifu hata kama ni juu ya nafsi zetu.

Jambo la tatu: vijana wetu wa madrasa waliosoma, wavulana na wasichana, wapewe daftari moja, na kila Ijumaa baada ya Sala waandike bei za soko la Puta: unga, samaki, mafuta, chumvi, sabuni, uzi wa nyavu. Waandike kwa tarehe, bila ya kuongeza wala kupunguza. Ukipita mwaka mmoja tutakuwa na kitu cha kupeleka Mansa na Lusaka, na cha kumwonyesha Chifu na Mbunge. Tena hakitagharimu zaidi ya daftari na kalamu. Bajeti ya nchi husomwa Bungeni mwezi wa Septemba na hupitishwa kabla mwaka haujaisha. Mwenye kutaka kusikilizwa na aandike mapema.

Ndugu zangu, mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, kama alivyotufundisha Mtume wetu. Na mojawapo ni elimu yenye kunufaisha watu. Huenda tukadhani elimu hiyo ni ya darsa na vitabu tu. Mimi naona hata yule aliyeandika bei ya unga kwa uaminifu, na kwa hesabu yake mshahara wa mtu ukaongezwa au mlango wa dhulma ukafungwa, naye ameacha elimu yenye manufaa. Na aliyemnunulia wino ana sehemu yake.

Namwomba Mwenyezi Mungu aibariki Jumuiya hii, awape subira wenye nyavu zilizokunjwa, alifungue ziwa letu kwa kheri na samaki tele, awaongoze viongozi wetu wa vyama vyote katika haki, na awajaalie wenye kalamu katika nchi hii waandike kwa uadilifu, wala asiwatie katika mkono wa mwenye kuwadhuru. Amin.